Ukitoka Usirudi

Mimi ni mtu wa mipango. Waulize majirani zangu hapa Lodwar, upande wa laga ya Kawalase, watakuambia kwamba Christine hata akitaka kupika chai huandika kwanza. Wengine husema hivyo kwa mapenzi, wengine kwa midomo iliyopinda, na wote nawajua. Sijali. Mwaka ule maji yalipobeba kuku wangu kumi na mmoja, godoro la watoto na mlango wa choo, nilisimama juu kule kanisani nikiwa na sufuria moja mkononi, nikaapa kwamba Kawalase haitanikuta tena nimekaa kizembe.

Asiyejua laga atanicheka. Laga ni mto usio na maji. Miezi mingi ni mchanga mtupu. Wanawake wanachimba visima humo, punda wanalala humo, vijana wanacheza mpira humo. Halafu mvua inanyesha milima ya Loima, mbali kabisa, na sisi huku jua linatuchoma utosi, hakuna wingu hata la dawa. Maji yanashuka yenyewe. Yanakuja na miti, na mizoga, na kelele ambayo ukishaisikia mara moja hutauliza tena ni ya nini.

Kwa hiyo nilipanga. Nilinunua karatasi kubwa ya manila, nikaandika kila kitu kwa kalamu ya buluu, nikaibandika nyuma ya mlango. Vitambulisho, vyeti vya watoto na kadi za hospitali vikae ndani ya nailoni, nailoni ndani ya begi jekundu, begi kwenye msumari. Simu nayo iingie kwenye begi hilo mara tu mtu akifika juu, maana simu iliyolowa ni jiwe. Unga na chumvi vining'inie kwa waya chini ya paa. Mitungi mitupu ifungwe vifuniko vizuri ili ielee. Mabati yafungwe kwa waya mpaka kwenye nguzo, kwa sababu upepo wa Lodwar hauheshimu misumari. Binamu yangu Lomorukai, anayechunga mifugo chini ya Loima, apige simu maji yakipita kwake. Kutoka kwake mpaka kwetu ni mwendo wa saa tatu wa maji. Na mwisho kabisa, kwa kalamu nyekundu na herufi kubwa: UKITOKA USIRUDI.

Hiyo ya mwisho ndiyo sheria yenyewe. Wengi niliosikia wameuawa na laga hawakukutwa na maji ndani ya nyumba. Walikuwa wametoka, wako salama, wakakumbuka redio. Shule zikifungwa niliwapanga mstari watoto wetu wawili, Adome na Lokol, pamoja na baba yao Aukot, nikawakimbiza kutoka nyumbani mpaka kanisani huku natazama saa. Nikiuliza, "Ukitoka?" wanajibu, "Usirudi!" Aukot ni fundi wa pampu za maji na ni mtu wa utani. Siku moja aliniuliza mbele ya watoto, "Na kama nimekusahau wewe huko ndani, mama Adome?"

"Usirudi," nikamwambia. "Niache na maji yangu."

"Eee, hiyo sheria sasa nimeipenda," akasema, na watoto wakacheka mpaka wakakaa chini.

Sasa nikueleze mama yangu. Anaitwa Akuwam. Ukame ulipommalizia mbuzi, na kaka yangu Bichiok akaenda zake Lowarengak kuvua samaki, mama alikuja kukaa kwetu, na sasa ni miaka sita. Nyumba yetu ya matofali aliikataa siku ya kwanza. "Sitalala ndani ya sufuria," alisema, akionyesha mabati. Kwetu Turkana nyumba hujengwa na mwanamke na ni yake, kwa hiyo, magoti yake yakiwa bado mazima, alikata fito, akazikunja, akazifunika kwa majani ya mkoma, akawa na nyumba yake ya duara ambayo upepo unapita ndani bila kuvunja kitu.

Shida ilikuwa ni wapi pa kuijenga. Mama alilelewa zamani. Kwake yeye, mkwe wa kiume haingii nyumba ya mama mkwe, hamtazami usoni, na wala hawasemezani. Watu wengi wa mjini wamelegeza hayo. Mama yangu hakulegeza hata uzi. Basi nyumba yake ikawekwa nyuma ya ua wa miiba, chini kwenye mteremko, mlango ukitazama laga, ili yeye na Aukot wasije wakakutana uso kwa uso asubuhi. Heshima ndiyo iliyomsogeza mama karibu na maji.

Usidhani walichukiana. Walipendana kuliko wakwe wengi wanaopigana vikumbo mezani, ila mazungumzo yao yalipitia kwa mbuzi. Mama alikuwa na watoto watatu wa mbuzi aliowaweka kwenye kizizi kidogo kando ya mlango wake mama zao wakiwa malishoni, na jioni ungemsikia akimwambia mmojawapo kwa sauti, "Wewe mbuzi, hivi mwenye nyumba hii anajua chumvi imekwisha?" Aukot yuko upande wa pili wa ua, anachemsha koo. Kesho yake chumvi ipo juu ya jiwe. Siku nyingine Aukot naye, akimwita mama "wazee" kwa heshima, anamwambia mbuzi, "Waambie wazee walale, paa nimelifunga." Miaka sita sikuwahi kusikia mmoja akimtaja mwenzake kwa jina.

Mambo hayo yote niliyajua, nikayaweka kwenye mpango. Mstari wa nne: Mama, anabebwa na Christine na Jelagat. Jelagat ni jirani yetu, muuguzi, mikono yake ina nguvu, na magoti ya mama yalikuwa yamekufa. Mstari wa tano: Watoto wa mbuzi, wafungwe kamba moja wavutwe pamoja.

Mama mwenyewe sikumwita kwenye mazoezi. Aliponikuta mara ya kwanza nikichimba mtaro nyuma ya nyumba aliniuliza nafanya nini, nikamwambia nazuia maji ya mvua. Akanitazama. Akaniambia miaka mingapi tumemlilia Akuj, Mungu wetu wa juu, atupe mvua, na leo nachimba shimo la kumwambia asije. Nilikasirika. Mimi ni mwepesi wa hasira, sikatai. Nikasema moyoni, huyu mzee hafundishiki, huyu tutambeba tu. Nikaendelea kuchimba.

Sifa ya mpango wangu ilienea. Shirika moja likaniomba niwe nafundisha akina mama wengine, hapa Lodwar na huko Kakuma kambini, kwa sababu huko nako kuna laga yao, Tarach, na watu wanaijua kwa machozi. Nilikwenda mara nyingi. Nilipenda kusikilizwa, nami nasema kweli.

Novemba hiyo redio ilitangaza kwamba mvua kubwa inakuja magharibi. Radi zilisikika usiku mbali sana, kama mtu anayesukuma mapipa. Halafu upepo ukakoma. Mtu wa Lodwar ataelewa nikisema hilo lilinitisha kuliko radi. Kila siku alasiri upepo wetu huinuka na kutia mchanga kwenye ugali, tunaulaani, tunaishi nao. Siku tatu haukuinuka. Nguo zilining'inia kwenye kamba bila kutikisika. Wanawake waliotoka visimani ndani ya laga walisema maji yamepanda, hayahitaji tena kuingia mtu na kata. Yanachoteka kwa kuinama. Wao walifurahi. Mimi nilikagua upya waya za mabati.

Na siku hiyo ya nne ndiyo niliyotakiwa Kakuma. Jelagat alikuwa amesafiri Eldoret kwenye mazishi. Watoto walikuwa shule ya bweni Lokori, na kwa hilo nilimshukuru Mungu. Nilitaka kuahirisha. Aukot akasema, "Enda. Wale watu wa Kakuma wamekungoja mwezi mzima. Mimi niko hapa, simu iko, Lomorukai iko. Maji ikikuja, iko saa tatu."

Nilishuka kwa mama kumuaga. Nilichukua kamba mpya ya nailoni, nikawafunga wale watoto wa mbuzi watatu shingoni, na ncha ya kamba nikaikaza kwenye nguzo ya kizizi kwa fundo zito, ili wasitawanyike ikifika saa ya kuwavuta. Mama alitazama mikono yangu.

"Unaniacha na nani?" akauliza.

"Na baba Adome."

Akacheka kidogo. "Basi umeniacha na ua," akasema. Nami nikacheka, nikachukua mkoba, nikaondoka.

Kakuma jua lilikuwa kali na Tarach ilikuwa kavu kabisa. Tulikaa uani kwa Félicité, mama mmoja Mkongomani ambaye mume wake, Zéphyrin, ni mwashi. Akina mama walikuwa kama ishirini. Niliwafundisha mitungi, nikawafundisha waya, nikawafundisha begi. Nikawaimbisha "Ukitoka?" "Usirudi!" mpaka watu wa nyumba za jirani wakachungulia. Hapo Félicité akainua mkono.

"Mama Christine, mimi niko na swali. Kwa hii mupango, kila mutu iko na kazi. Sasa huyu mama ya bwana yangu," akaonyesha bibi mmoja aliyekaa kwenye kigoda kando ya ukuta, "yeye kazi yake njo gani?"

"Kubebwa," nikasema.

"Kubebwa tu?"

"Kubebwa tu. Asipige mateke njiani."

Wote waliangua kicheko. Yule bibi naye alicheka, kwa vile alituona tunacheka. Simu yangu ikalia. Ilikuwa saa saba na dakika kumi, na aliyepiga alikuwa Lomorukai.

Hata "ejok," salamu yetu, hakusema. "Dada, maji imepita hapa kwangu. Kubwa. Imebeba ile miti yote ya chini, imebeba mpaka ile daraja ya watu wa barabara. Hii si kama ya ule mwaka. Ambia watu."

Niliwaomba akina mama radhi, nikampigia Aukot. Alikuwa mtaa wa Napetet, kichwa chini kwenye pampu ya watu. "Saa tatu iko," akasema, "inatosha. Nafunga hii nakuja." Nikamwambia asifunge kitu, aache, aende. Akaenda. Nikahesabu: saa kumi maji, saa nane yeye nyumbani. Nikarudi kwa akina mama, nikawaambia kwa majivuno, ndiyo, kwa majivuno, kwamba sasa hivi wataona mpango unavyofanya kazi.

Saa nane na nusu alinipigia. Alikuwa anahema.

"Mama Adome, begi ninayo. Unga imefungwa. Lakini mama amekataa."

"Amekataa nini?"

"Nilisimama kwa ua nikaambia mbuzi wazee watoke, maji inakuja. Akaambia mbuzi kwamba hakuna mtu wa kumtoa. Nikasema mimi nitaingia. Akasema nikiingia atakufa huko ndani kwa aibu, maji ichukue maiti. Nimetafuta wanawake. Wote wameenda kwa chifu kuchukua chakula. Nimegonga nyumba nane. Hakuna."

Nusu saa nzima alikuwa akitafuta wanawake wawili. Hilo lilikuwa kosa langu; kwenye karatasi niliandika majina mawili tu, na wote wawili tulikuwa mbali. Akina mama wa Kakuma walikuwa wakinitazama.

"Weka simu kwa sauti," nikamwambia. "Iinue juu ya ua." Halafu nikapiga kelele kwa lugha yetu: "Mama! Ni mimi. Nyumba hiyo nani aliijenga?"

Sauti yake ikaja, mbali: "Mimi."

"Ikivunjwa, ni nyumba?"

Alifikiri. Mama yangu hata maji yakiwa mlangoni hufikiri kwanza. "Ni majani," akasema.

"Basi baba Adome haingii nyumba ya mtu. Anatoa majani juu ya mzee aliyekaa nje. Ujifunike uso."

Nilisikia panga. Nilisikia kamba za mkoma zikikatika moja moja, fito zikivunjika, na Aukot akisema kila mara, "Mnisamehe, mnisamehe," hakusema na nani. Alikuwa ameiweka simu kwenye mfuko wa shati na hakuizima, kwa hiyo nilisikia hata moyo wake, au labda ulikuwa wangu. Nyumba aliyoijenga mama kwa mikono yake aliibomoa ukuta wa nyuma wote, akamfunga mzee kwa turubai mpaka kichwani, akamtia mgongoni. Mama hakupiga mateke.

Na nyuma ya pumzi za Aukot nikasikia ile kelele. Bado ilikuwa chini, mtu angedhani ni lori limekwama mahali. Ilikuwa saa tisa kasorobo. Maji hayasomi saa ya mtu. Baadaye tulijua kwamba laga nyingine ilikuwa imefurika ikaisukuma hii yetu. "Unasikia?" nikamuuliza. "Nasikia," akasema. "Mbingu iko safi kabisa, mama Adome. Iko buluu. Haki ya Mungu sijaona kitu kama hii." Akakimbia. Nikamhesabia mteremko kwa akili, ukuta wa shule, kiosko, mti, ngazi za kanisa, njia ile ile niliyowakimbiza watoto.

"Tumefika," akasema. "Ameketi. Ako sawa."

Nililia hapo hapo uani kwa Félicité. Nikamwambia asante. Nikamwambia mambo mengine ambayo mke hamwambii mume mbele ya watu ishirini. Akacheka kwa kuhema. "Sasa naweka simu kwa begi," akasema, "maji inaruka mpaka hapa, na wewe utanigombeza ikilowa."

"Weka," nikamwambia. "Usiizime tu."

Nikasikia zipu. Baada ya hapo sauti zote zikawa za ndani ya nguo, ila bado nilisikia. Nilisikia laga ikipita, sasa si lori tena. Nilisikia vyeti vikikwaruza simu. Halafu nikasikia mbuzi. Walikuwa wadogo, wanalia kwa pamoja, chini kule.

Na nikasikia sauti ya mama. Hakuwa akimwambia mbuzi. Hapakuwa na mbuzi hapo, wala ua, wala mlango. Alisema, "Aukot."

Miaka sita. Miaka kumi na minne ya ndoa yetu, ukihesabu yote. Mama yangu alimwita mume wangu kwa jina.

"Aukot, mwanangu," akasema, "wale watoto wamefungwa."

Nilijua kabla hajamaliza. Nilipiga kelele ambayo sikujua ninayo. "Usirudi! Aukot! Ukitoka usirudi! Mama, mzuie! Mama, mshike!" Nilikuwa ninaliitia begi. Félicité alinishika mabega, Zéphyrin akatoka nje mbio akidhani nimeumwa na nyoka, na mimi nilikuwa napiga kelele kwenye simu iliyofungwa zipu ndani ya nailoni ndani ya begi jekundu, kilomita mia na zaidi, kama nilivyoagiza mwenyewe.

Viatu vya Aukot nilivisikia vikishuka. Angesemaje hapana? Mtu ambaye mama mkwe wake hajamsemesha maisha yote, na neno la kwanza ni mwanangu. Mimi mwenyewe ningeshuka.

Simu iliendelea mpaka chaji ikaisha. Nilisikia maji tu.

Barabara ilikatika, nikafika Lodwar kesho yake jioni. Mama alikuwa bado kanisani, amekaa pale pale, turubai mabegani, begi jekundu mapajani, hakumruhusu mtu kulishika. Miguuni pake walilala watoto watatu wa mbuzi. Kila mmoja alikuwa na kipande cha kamba yangu shingoni, kimekatwa kwa kisu, safi. Aliwafikia. Aliwakata wote watatu, wakapanda mteremko wenyewe. Aukot tulimpata siku ya tatu, chini kule Kawalase inapokutana na mto Turkwel.

Mama aliniambia jambo moja tu usiku wa kwanza. Alisema, "Nilikusikia unapiga kelele ndani ya begi. Nilidhani unamhimiza."

Bichiok alikuja kutoka Lowarengak. Watoto waliletwa kutoka Lokori, na Lokol hakunitazama usoni. Nyumba yetu ya matofali ilisimama. Unga ulikuwa unaning'inia mkavu chini ya paa, mabati hayakung'oka hata moja, mitungi yote minane ilikutwa inaelea uani. Watu walikuja kutoa pole, wakaona hivyo vitu, wakatikisa vichwa kwa heshima. Niliuchukia kila mtungi.

Baada ya mazishi tulikaa nje na wanawake. Mama tulimwekea kigoda kando yangu. Jelagat, aliyerudi kutoka Eldoret akiwa analia njia nzima, alikuwa amenishika mkono. Mwanamke mmoja wa mtaa wetu, mtu mzuri, hakuwa na ubaya wowote, akasema, "Kinachoniuma ni kwamba marehemu alijua. Sote tulimsikia hapa na watoto wakiimba. Sheria aliijua kuliko mtu yeyote."

Mama akageuza kichwa. "Sheria gani?" akaniuliza.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Juu ya mkuu ambaye hakuambiwa na mtu, hawakutuachia neno.

"Sheria gani, Christine?"

Niliinuka, nikaingia ndani, nikabandua ile karatasi nyuma ya mlango. Mama hajui kusoma. Nikakaa chini mbele yake, nikamsomea kwa lugha yetu, kutoka juu, polepole, begi, simu, unga, nikaruka mistari miwili, mitungi, waya, Lomorukai. Nilipofika mwisho nilisoma mara mbili. Ukitoka, usirudi. Hata kwa mtu? akauliza. Nikasema hata kwa mtu. Hata kwa mbuzi? Nikasema hata kwa mbuzi, mama.

Alitazama karatasi muda mrefu, kana kwamba herufi zingeweza kumwonea huruma.

"Na hawa wengine wote uliwafundisha," akasema. "Hata watu wa Kakuma."

"Ndiyo."

"Na mimi nimo humo?"

Nikamwonyesha kwa kidole mstari wa nne, juu kidogo ya mbuzi.

"Kazi yangu ilikuwa nini?"

Nilitaka kudanganya. Mungu ananiona, nilitafuta uongo na sikuupata. "Kubebwa, mama."

Aliitikia kwa kichwa, taratibu, mara mbili tatu.

"Hiyo niliifanya," akasema. Kisha akauliza kama watoto wa mbuzi wamenyonya.